Barua ya kazi ni hodi

 

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya zamu za usiku kwa mama mwenye watoto wadogo. Nilitegemea ujumbe utakaokuja uwe wa habari za usingizi. Wapi! Zaidi ya nusu ya ujumbe mlionitumia ulikuwa wa kazi. "Dada, nimetuma maombi kila mahali, sijajibiwa hata na mmoja." "Mwanangu kamaliza chuo Nizwa, aandike nini wakati hajawahi kuajiriwa?" Na mmoja, wa dada aliyeko Tanga, ulinifanya niweke simu mezani, nikae kimya kidogo kabla ya kujibu. Nitaueleza huko mbele, kwa ruhusa yake.

Basi leo tuizungumze barua ya maombi ya kazi, ile inayotangulia wasifu, au sivii kama wengi tusemavyo. Nazungumza kama muuguzi ninayeishi Ibra, lakini mengi yatamfaa hata mhasibu, fundi au mwalimu.

Barua yangu ya kwanza

Nilipoanza kutafuta kazi hapa Oman nilikuwa na stashahada niliyoisomea nyumbani na shahada niliyoimalizia huku ughaibuni. Nikaona mimi nimekamilika, barua ni kitu cha kujaza ukurasa. Nikaandika kama tulivyofundishwa shuleni. Juu anwani mbili, kisha kwa herufi kubwa, YAH: MAOMBI YA KAZI YA UUGUZI. Halafu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msichana wa Kitanzania, nina afya njema na bidii ya kazi." Mwisho: "Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa. Wako mtiifu."

Yote hayo nikayageuza Kiingereza neno kwa neno, nikatuma kwa zahanati na hospitali binafsi kuanzia Sur mpaka Nizwa. Mojawapo niliituma ikiwa na jina la hospitali nyingine! Niligundua siku ya tatu, usiku, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Hakuna aliyenijibu. Nikasema, "Hawa wanataka watu wao tu."

Miaka imepita, na siku hizi nafasi ikitokea kazini kwetu, mkuu wa wauguzi hunipa baadhi ya maombi nimsaidie kuyachambua. Hapo ndipo nilipoielewa barua yangu. Wote tuna afya njema. Wote tuna bidii. Ukishasoma barua ya kumi inayosema hivyo, macho yanateleza tu. Huku una wagonjwa wanakusubiri, simu inalia, na unatafuta mtu wa kuanza kazi kabla wenzako hawajachoka kuziba pengo.

Siisemi vibaya barua ya nyumbani. Ina adabu, na mahali pake bado ipo. Ukiomba kazi serikalini Tanzania kupitia Sekretarieti ya Ajira, wanataka barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, iliyoelekezwa kwa Katibu kama tangazo linavyosema. Fuata hivyo hivyo. Kila nyumba ina mlango wake.

Hodi ya kueleweka

Kuna bibi mmoja jirani yangu hapa Ibra, kazaliwa Unguja, karudi Oman mtu mzima. Siku moja alinikuta nikiandika maombi, akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akasema, "Ah, kumbe wapiga hodi. Sasa mwanangu, mtu akipiga hodi akaulizwa nani, hujibu 'mimi'? Mimi ndiye nani?"

Tangu siku ile barua naiona hivyo. Mtu wa ndani ana maswali manne, nawe uyajibu kabla hajachoka:

Wewe ni nani, na una ruhusa ya kufanya kazi hii? Umefanya nini hasa? Kwa nini umekuja mlango huu na si wa jirani? Na ukifunguliwa, utaingia lini?

Swali la kwanza ndilo linaloangusha wengi katika kazi za afya. Muuguzi mgeni Oman huhakikiwa vyeti vyake na DataFlow, ambao huandika moja kwa moja kwa chuo, kwa baraza la uuguzi na kwa mwajiri wa zamani, na kuna mtihani wa Prometric wa kupata leseni. Anayechambua barua anataka kujua uko hatua gani. Usimwambie "nina vyeti vyote". Mwambie: "Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania iko hai. Uhakiki wa DataFlow umekamilika. Mtihani nimepangiwa mwezi ujao." Kama hujaanza, sema hujaanza, na utaanza lini. Sentensi tatu tu, na mtu wa ndani ameshajua akuweke fungu gani.

Swali la pili linataka vitu vya kuhesabika. "Nina uzoefu wa wodi" halisemi kitu. Wodi gani? Vitanda vingapi? Zamu moja unahudumia wagonjwa wangapi? Unaweza kuweka kanyula kwa mtoto mchanga? Umeshawahi kusimamia zamu peke yako? Muuguzi mwenzangu aliandika kwamba alikuwa akibadilisha vidonda vya wagonjwa wa kisukari, watano hadi wanane kwa siku. Mkuu wetu alisoma mstari huo mara mbili, maana kisukari ndicho kinachotujazia benchi kila asubuhi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Swali la tatu, kwa nini hapa, ndilo tunaloliruka.

Tukumbuke tupo nchi ya watu. Tangu 1988 serikali ya Oman ina sera ya kuwapa raia wake nafasi kwanza, na katika uuguzi Waomani wamesoma na wapo wengi. Kwa hiyo mwajiri anayemfikiria mgeni anajiuliza: huyu ataongeza nini ambacho sina? Barua nyingi zinamjibu kwa kueleza jinsi mwandishi anavyohitaji kazi: nina wazazi wananitegemea, nina wadogo wanasoma. Ni kweli tupu, nami nilikuwa nao. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anatazama mkononi mwako umebeba nini.

Chukua suala la mahali. Wageni wengi wanaotafuta kazi wanataka Maskati. Ibra iko mbali na huko, na Nizwa kadhalika. Mwajiri wa huku anaogopa mtu atakayekaa miezi sita kisha akimbilie mjini. Kama una ndugu Sur, au mumeo anafanya kazi Nizwa, au umeishi Ibra ukapapenda na soko lake la wanawake la Jumatano, liandike hilo. Mstari mmoja unatosha.

Na Kiswahili chako kiandike. Mimi nilikificha. Katika barua zangu za mwanzo niliandika Kiingereza peke yake, na Kiarabu kidogo, nikidhani lugha ya nyumbani haina bei huku. Kisha wakati wa mafunzo kwa vitendo, kulikuwa na bibi wodini aliyekuwa hasemi na mtu siku ya pili. Chakula hali. Wauguzi wakimsemesha Kiarabu anageukia ukutani. Nilipita kubadilisha dripu ya jirani yake nikamsikia ananong'ona, "maji ya moto." Nikasimama. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akanigeukia. "Marahaba mwanangu. Ulikuwa wapi siku zote?"

Nyinyi mnaijua historia hiyo kuliko mimi. Watu wa Sharqiyah walikwenda Unguja na bara vizazi kwa vizazi, wakaoa, wakazaa, wakazika huko. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wengi walirudi na Kiswahili chao. Wale waliokuja vijana leo ni wazee wetu wodini, na akili ya mzee ikichoka, mara nyingi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Muuguzi anayemwelewa ni dawa. Barua niliyoandika baada ya bibi yule ilikuwa na mstari huu: "Nazungumza Kiswahili kama lugha ya mama, na nimehudumia wazee wa Sharqiyah wanaokitumia." Kwenye usaili ndilo jambo la kwanza waliloniuliza.

Dada wa Tanga

Sasa ule ujumbe.

Dada huyu alihitimu stashahada ya uuguzi mwaka 2020. Akajitolea hospitali ya wilaya mwaka mzima, ajira haikutokea. Mwaka 2021 akaja Oman kama mfanyakazi wa ndani, akakaa miaka miwili katika nyumba moja maeneo ya Nizwa, akimtunza mzee aliyepooza upande mmoja. Mkataba ulipokwisha akarudi. Tangu Februari 2024 yupo kituo cha afya huko kwao, ameajiriwa kama muuguzi. Anataka kurudi Oman, safari hii kwa taaluma yake.

Aliniandikia hivi: "Dada, nimeambiwa niseme ile miaka miwili nilikuwa hospitali binafsi. Kuna mtu anaweza kunipa barua yenye muhuri. Naona aibu kuandika kwamba nilikuwa hausigeli. Nifanye?"

Nilimpigia. Nikamweleza kwanza la sheria: DataFlow hawatazami muhuri, wanamuuliza mwajiri mwenyewe. Barua ya uongo ikibainika, ripoti inakufuata kwa maombi yajayo, na stashahada yake halali inaingia doa kwa sababu ya karatasi moja ya kununua. Njia ya mwongo ni fupi. La pili ni la mgonjwa. Ukisema umefanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi, kesho utapewa mgonjwa mahututi.

La tatu ndilo lililotuchukua muda. Nilimuuliza, "Yule mzee ulikuwa ukimfanyia nini?" Akaanza kutaja. Kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kumwogesha, kumlisha taratibu asipaliwe, kumpima presha, kumkumbusha mwanawe dawa zikikaribia kwisha. Nikamuuliza, "Alipata kidonda cha mgongo?" Akajibu kwa haraka, karibu kwa hasira, "Hakupata hata kimoja. Miaka miwili!"

Kimya kikapita. Nadhani alijisikia mwenyewe alivyolisema.

Tukaandika barua upya. Naiweka hapa kwa Kiswahili ili tuelewane; yeye aliituma kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kazi ya hospitali huku.

*Kwa Mkuu wa Wauguzi,*

*Naomba nafasi ya muuguzi wa wodi ya wazee mliyoitangaza wiki hii. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga (2020) na leseni hai ya Tanzania. Uhakiki wa vyeti vyangu kwa DataFlow nimeuanza mwezi uliopita, bado haujakamilika. Mtihani wa Prometric sijaufanya, najiandaa nao.*

*Tangu Februari 2024 nafanya kazi katika kituo cha afya chenye vitanda 12. Kwa zamu moja nahudumia wagonjwa wa ndani hadi wanane, nikiwa na daktari wa kupiga simu usiku. Kazi zangu za kila siku ni dawa za mishipa, vidonda vya kisukari, na ufuatiliaji wa presha.*

*Kuanzia 2021 hadi 2023 nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani karibu na Nizwa, nikimtunza mzee aliyepooza. Sihesabu miaka hiyo katika uzoefu wangu wa uuguzi. Lakini ndiyo iliyonifundisha Kiarabu cha mazungumzo na desturi za familia za hapa, na mzee huyo hakupata kidonda cha kulala kwa muda wote niliokuwa naye.*

*Nazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu cha kawaida. Najua maisha ya Dakhiliyah na niko tayari kuishi huko. Naweza kuripoti siku 30 baada ya kibali kutoka.*

*Asante kwa kunisoma.*

Tazameni aya ya tatu. Pengo limeelezwa kwa tarehe, kwa sentensi chache, bila kulia wala kujikuza. Amesema wazi kwamba hakuwa muuguzi miaka ile. Msomaji hana tena cha kumshuku, kilichobaki ni kumuuliza zaidi. Wewe mwenye pengo la uzazi, la kumuuguza mzazi, la kusubiri karatasi Ulaya au la kuuza duka, fanya hivyo hivyo: lini, kwa nini, na umetoka na nini.

Kwa wanafunzi

Wazazi mliouliza kuhusu watoto waliomaliza Chuo Kikuu cha Nizwa, A'Sharqiyah hapa Ibra, au matawi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi: mtoto asiyewahi kuajiriwa si mtoto asiyewahi kufanya kazi. Kijana mmoja wa Nizwa aliyesomea uhasibu aliniletea barua yake. Imejaa majina ya masomo. Nikamuuliza siku za Ijumaa huwa wapi. Kumbe tangu yuko sekondari yuko dukani kwa babake, soko likifurika watu wa mnada wa mbuzi, anauza halua, anawajibu watalii kwa Kiingereza, jioni anafunga hesabu. "Sasa hilo ni la kuandika?" Ndilo hasa! Mtu aliyefunga hesabu ya duka kila Ijumaa kwa miaka mitatu amebeba kitu ambacho darasa halitoi. Na kijana wa Sur anayeomba mafunzo kiwandani, kama amemsaidia babu yake kutengeneza injini za boti, ataje injini ipi na aliifanya nini.

Ila asizidishe. Mafunzo kwa vitendo ya wiki sita yabaki wiki sita.

Kabla ya kutuma

Ukurasa mmoja, usizidi. Jina la mwajiri liandikwe kama wanavyoliandika wao, na lisomwe tena kabla ya kubonyeza (mwenzenu najua aibu yake). Kichwa cha barua pepe kiwe na nafasi unayoiomba na jina lako. Faili lisiitwe "barua mpya 3 ya mwisho". Ukituma kwa WhatsApp, kama zahanati nyingi ndogo zinavyopenda, weka salamu na mistari miwili ya kujitambulisha. Faili tupu halina adabu. Kumbuka wikiendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo barua ya Alhamisi jioni itazikwa chini ya nyingine. Mimi hutuma Jumapili au Jumatatu asubuhi. Baada ya siku kumi uliza mara moja, kwa upole, kisha endelea na mlango mwingine.

Mliopo Oman tayari, tangu Januari 2021 ile barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani, NOC, haihitajiki tena kwa mfanyakazi aliyemaliza mkataba akaenda kwingine. Kwa hiyo usiogope kuandika mkataba wako unaisha lini. Ni jibu la swali la nne. Wafanyakazi wa majumbani wana kanuni zao, waulize kwanza.

Na hodi ya halali hailipiwi. Mtu akikujibu kwamba barua yako imekubaliwa bila usaili, sasa tuma pesa ya "kufungua faili", funga mlango wewe. Kabla ya kutoa hata shilingi kwa wakala, uliza TaESA kama uko Tanzania Bara, au Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama uko Kenya, kama wakala huyo ameandikishwa.

Alipofikia

Dada wa Tanga alituma barua mahali pawili. Pa kwanza walimjibu kwa heshima kwamba wanataka mwenye leseni tayari. Pa pili walimpigia baada ya siku tisa. Aliniambia swali la kwanza lilikuwa, "Tueleze habari za yule mzee." Akaeleza. Hawajampa kazi, wamemwambia amalize uhakiki na mtihani, kisha awaandikie tena kwa jina la mtu waliyemtajia. Sasa anasoma usiku baada ya zamu, na kila swali linalomshinda ananirushia mimi.

Ile barua ya muhuri hakuinunua. Pesa yake ameilipia ada ya mtihani.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza usaili wa simu: ufanye nini intaneti ikikatika katikati ya jibu zuri. Nileteeni visa vyenu.

Ndugu yenu, muuguzi wa Ibra.